Kufungulia mitamba mapema ni kula mtaji

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni majani. Hata hivyo kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanguka Shinyanga na Geita kati ya Oktoba na Novemba, wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa hufungua zizi siku ardhi inapoanza kuonyesha rangi ya kijani, wakawatoa nje mitamba waliokuwa wakilishwa ndani kwa taabu miezi mitano. Wanaona wamepata nafuu, kwani gharama ya pumba imekwisha. Kumbe kwa hesabu za biashara, huenda wiki hizo za mwanzo ndizo zenye gharama kubwa kuliko zote katika maisha ya mtamba.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia suala hilo kwa macho ya soko: kwa nini majani ya mvua za kwanza humdanganya mfugaji, hasara yake ni kiasi gani, na mtu mwenye mitamba miwili au kumi afanye nini kuanzia sasa ili asiingie hasara hiyo.

SOKO LIPO, MAZIWA HAYATOSHI

Kwanza tuitazame sababu ya kufuga. Kanda hii ina soko la maziwa ambalo mikoa mingi ingelitamani. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Miji ya Kahama, Geita na Katoro imekua kwa kasi kutokana na dhahabu na biashara inayoifuata dhahabu. Juu ya hao wapo wachimbaji wadogo kwenye maduara na kwenye mialo ya kuchenjulia, ambao wengi wao hunywa maziwa kwa imani kwamba yanakata vumbi na sumu. Imani hiyo si tiba, lakini kwa muuza maziwa ni mteja wa kila siku.

Kwa upande mwingine, ng'ombe walio wengi kanda hii ni wa asili, ambao maziwa yao hupatikana zaidi wakati wa mvua na kupungua sana kiangazi. Kwa hiyo bei ya maziwa hushuka majani yanapokuwa mengi na kupanda yanapokauka. Mwenye ng'ombe chotara anayeweza kukamua mwaka mzima ndiye anayefaidi mabadiliko hayo. Ndiyo maana mtamba chotara wa Friesian au Ayrshire anatafutwa sana, na ndiyo maana shamba la Serikali la kuzalisha mitamba la Mabuki, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, linajulikana na kila mfugaji wa kanda ya ziwa.

Lakini mtamba ni mali isiyozalisha kitu hadi azae. Siku zote kabla ya hapo anakula tu. Kwa lugha ya uhasibu ni mtaji uliofungwa. Kila mwezi anaochelewa kupandishwa ni mwezi wa gharama bila mapato, na hapo ndipo majani ya mvua za kwanza yanapoingia katika hesabu.

MAJANI MAPYA YANA NINI?

Wafugaji wa nchi za baridi wana tatizo linalofanana na letu. Uholanzi, Uingereza au Sweden, ndama na mitamba hukaa bandani majira yote ya baridi, kisha hufunguliwa majani yanapoota, kwa kawaida mwezi Aprili au Mei. Huko Sweden watu wa mijini hufurika mashambani kutazama ng'ombe wakirukaruka kwa furaha siku ya kutolewa nje. Lakini mwenye shamba kule haendi kutazama tu. Siku hiyo aliijiandaa kwa wiki kadhaa: chanjo, dawa ya minyoo, na kubadilisha chakula kidogo kidogo. Kwetu kinachowafungia mitamba zizini ni kiangazi badala ya baridi, lakini mwili wa ng'ombe ni ule ule.

Tatizo la kwanza ni maji. Jani changa la wiki ya kwanza lina maji mengi sana. Tuchukulie kwamba sehemu tano kati ya sita za uzito wake ni maji. Mtamba wa kilo 200 anahitaji takriban kilo 5 za chakula kikavu kwa siku. Ili azipate kutokana na majani hayo peke yake, ni lazima ale kilo 30 za majani mabichi. Majani yenyewe yana urefu wa vidole viwili. Hata akitembea kutwa hawezi kukusanya kilo hizo, na nguvu anazotumia kutembea ni nyingi kuliko anazopata. Mfugaji anaona kijani kila mahali na kudhani ng'ombe ameshiba, wakati ukweli ni kwamba ana njaa.

Tatizo la pili ni tumbo. Chakula cha ng'ombe husagwa na vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa, na vijidudu vya mabua makavu si vile vya majani mabichi. Vinahitaji wiki mbili hadi tatu kubadilika. Mtamba aliyekuwa akila mabua ya mahindi jana, leo akajazwa majani mabichi matupu, atahara, na pengine kujaa gesi, hasa akikuta mimea jamii ya kunde. Uzito unaopotea katika wiki hizo ni uzito ambao mfugaji alikwisha kuulipia kwa pumba.

Tatizo la tatu ni sumu. Shinyanga ni nchi ya mtama. Baada ya mavuno, visiki vya mtama hubaki shambani, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua. Machipukizi hayo machanga, hasa yaliyopatwa na ukame kisha yakapata maji, huwa na sumu ya jamii ya sayanaidi inayoweza kumwua ng'ombe katika muda mfupi tu baada ya kula. Mtama uliozidi urefu wa goti una hatari ndogo zaidi, na uliokaushwa vizuri hupungua sumu. Mtamba mwenye njaa aliyefunguliwa asubuhi bila kupewa kitu tumboni ndiye wa kwanza kuvamia machipukizi hayo.

Tatizo la nne ni la majani yenyewe. Nyasi iliyokaa kiangazi kizima imehifadhi akiba yake mizizini. Majani ya kwanza hutokana na akiba hiyo. Yakiliwa kabla nyasi haijajijenga, mmea hulazimika kutoa akiba tena, na ukiliwa tena na tena hudhoofika na huweza kufa na kuacha udongo mtupu. Malisho yanayovamiwa mwezi Novemba hutoa majani machache Februari. Mfugaji amekula mbegu aliyopaswa kuipanda.

KUPE NA MINYOO HUAMKA PAMOJA NA MAJANI

Hatari kubwa kuliko zote haionekani kwa urahisi. Kupe wa kahawia, ambaye hupenda kukaa masikioni mwa ng'ombe, hupanda juu ya majani mvua zinapoanza. Ndiye anayeambukiza ndigana kali. Ng'ombe wa asili aliyekulia penye kupe huwa na kinga kiasi. Mtamba chotara aliyelelewa zizini, na ambaye hajapata kuumwa na kupe, hana. Dalili huanza kati ya wiki moja na tatu baada ya kuumwa: tezi za chini ya sikio na za begani huvimba, homa hupanda, hula kidogo, kisha hukohoa na kupumua kwa shida. Dawa ipo, lakini husaidia ikitolewa mapema, na bei yake si ndogo. Wengi huja kumwita afisa mifugo povu likiwa limekwisha kutoka puani.

Ipo chanjo ya ndigana kali, ambayo hutolewa pamoja na dawa ya muda mrefu ya kuzuia ugonjwa usimzidi mnyama nguvu. Mtamba aliyechanjwa vizuri hupata kinga ya kudumu. Lakini kuna mambo mawili ya kibiashara ya kuzingatia. La kwanza, kinga huchukua takriban mwezi mmoja kujengeka, kwa hiyo chanjo ya Novemba imechelewa. La pili, chanjo hutunzwa katika baridi kali ya naitrojeni, na mrija mmoja wa kawaida umekuwa ukitengenezwa kwa dozi 40, ambazo zikishafunguliwa lazima zitumike siku hiyo. Mwenye mitamba mitatu hawezi kufungua mrija peke yake bila kupoteza fedha. Wafugaji kumi na watano wenye wawili au watatu kila mmoja wanaweza. Hapo faida ya ushirika inaonekana wazi bila hotuba.

Chanjo hiyo haifuti kuogesha, kwani kupe wana magonjwa mengine. Hadi miaka ya 1980 majosho mengi yaliendeshwa kwa fedha za Serikali. Baada ya mageuzi ya uchumi mzigo huo ulihamia kwa wafugaji, na majosho mengi yalisimama. Mwenye mitamba michache anaweza kutumia bomba la kupulizia, mradi apime dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Kupunguza dawa ili kuokoa shilingi chache ni kuwafundisha kupe kuizoea.

Kisha kuna minyoo. Mayai na viluwiluwi vilivyokaa kimya kiangazi huamka majani yanapolowa. Ng'ombe mkubwa amekwisha kujenga kinga, lakini mtamba anayechunga kwa mara ya kwanza hajaijenga. Katika mbuga zinazotuama maji kuna pia minyoo ya ini. Minyoo mara nyingi haiui, na kwa sababu hiyo wafugaji huidharau. Hula tu nusu ya faida, kimya kimya.

Mwisho kuna chambavu, ugonjwa unaopenda ng'ombe wa miezi 6 hadi miaka 2, tena walionenepa vizuri. Huwapiga ghafla, mguu huvimba, na mnyama hufa kabla mwenyewe hajapata usafiri wa kwenda mjini. Chanjo yake ni rahisi ikilinganishwa na thamani ya mtamba.

HESABU YA MTAMBA MMOJA

Sasa tuweke haya katika tarakimu. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Msomaji aweke za mji wake.

Tumchukulie mtamba chotara mwenye kilo 180 tarehe 1 Juni, na tuseme atapandishwa akifikisha kilo 260. Akilishwa vizuri na kuongezeka gramu 400 kwa siku, kilo 80 zilizobaki atazipata kwa siku 200. Atapandishwa karibu tarehe 18 Desemba.

Mwenzake wa uzito huo huo hapewi nyongeza. Katika siku 150 za kiangazi anapoteza gramu 100 kwa siku, yaani kilo 15, na Novemba inamkuta na kilo 165. Anafunguliwa kwenye majani ya kwanza, anahara, anapata minyoo, na mwezi mzima haongezeki hata kilo. Kuanzia Desemba majani yamekomaa na anaongezeka gramu 500 kwa siku, kasi nzuri kuliko ya mwenzake. Hata hivyo anahitaji kilo 95, yaani siku 190. Atapandishwa karibu tarehe 9 Juni.

Tofauti ni zaidi ya siku 170. Tukichukua lita 6 kwa siku, ni lita 1,020 zilizochelewa. Kwa shilingi 1,500 kwa lita, ni mauzo ya shilingi 1,530,000. Hayo ni mauzo, si faida. Tukiondoa nusu kwa ajili ya chakula, dawa na kazi, inabaki shilingi 765,000.

Na gharama ya kumlisha mtamba wa kwanza? Kilo moja na nusu ya mchanganyiko wa pumba na mashudu kwa siku 150 ni kilo 225. Kwa shilingi 600 kwa kilo, ni shilingi 135,000. Tuongeze shilingi 40,000 za chanjo, dawa ya minyoo na kuogesha, na shilingi 80,000 za kukata, kusafirisha na kutunza majani makavu. Jumla ni shilingi 255,000.

Kwa mfano huu, kila shilingi moja inarudisha tatu. Wapo watakaosema fedha hiyo inatoka Juni na kurudi zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na ni kweli. Lakini hata ikiwa ya mkopo wenye riba ya asilimia 20 kwa mwaka, deni baada ya mwaka ni shilingi 306,000, bado pungufu ya nusu ya kilichookolewa. Na hapa hatujamhesabu mtamba anayekufa kwa ndigana, ambaye hasara yake ni bei yake yote.

Kuna faida nyingine. Mtamba aliyepandishwa Desemba atazaa mwishoni mwa Septemba, wakati maziwa ni adimu mijini na bei iko juu. Huyo wa Juni atazaa katikati ya Machi, maziwa ya ng'ombe wa asili yakiwa yamejaa sokoni. Lakini anayetaka bei ya Septemba lazima awe na chakula cha Septemba. Asiye na akiba asijaribu.

NGITILI: GHALA LA MAJANI

Akiba hiyo itoke wapi? Jibu la kwanza Wasukuma walikuwa nalo kabla ya wataalamu. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili majani yakue bila kuliwa, na kufunguliwa kiangazi mabua ya mashambani yanapokwisha. Ziko za kaya na ziko za kijiji. Utaratibu huo ulipata pigo katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini na kuacha maeneo yao ya zamani. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alifika Shinyanga na kusikitishwa na hali ya ardhi, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliosaidiwa na Norway na kuendelea hadi mwaka 2004.

HASHI haikuleta jambo geni. Ilirudisha ngitili. Mwaka 1986 zilizokuwa zimebaki na kufahamika zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Hadi mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii kwa kushirikiana na IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria thamani ya mazao ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Kuni, asali, dawa, miti ya kujengea na malisho, vyote vimo humo.

Kwa mwenye mitamba, siri ya ngitili iko katika tarehe. Hufungwa wakati ule ule majani ya kwanza yanapomvutia kila mtu. Mtu anayeingiza mitamba humo Novemba kwa sababu "ni wadogo tu" anavunja ghala kabla nafaka haijaingia. Ndiyo maana vijiji vilivyofanikiwa vilikuwa na sheria zenye meno, zilizopitishwa katika dagashida, yaani baraza la jadi, na kusimamiwa na sungusungu kwa faini. Ghala lisilo na mlinzi ni la wezi.

Jibu la pili ni pamba. Kanda hii ndiyo nchi ya pamba, na viwanda vya kukamua mafuta hutoa mashudu. Ununuzi wa pamba huanza kati ya Mei na Juni, na viwanda huchambua na kukamua miezi inayofuata. Mashudu hupatikana kwa urahisi wakati huo, kabla wafugaji wote hawajakumbuka kwamba kiangazi kimefika. Anayenunua Oktoba ananunua pamoja na umati. Ila ndama walio chini ya miezi minne wasipewe mashudu ya pamba, kwani yana kitu kinachowadhuru.

Jibu la tatu liko bure mashambani: majani ya mpunga, mabua ya mahindi na maganda ya migunga. Mengi huchomwa moto au kuachwa yaliwe na ng'ombe wa kila mpita njia.

GEITA INA HATARI ZAKE

Mfugaji wa Geita asinakili kila kitu cha Shinyanga. Mkoa huo, ulioundwa mwaka 2012, hupata mvua nyingi zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo majani hukomaa haraka. Lakini misitu yake, hasa upande wa Biharamulo na Kigosi, ina mbung'o, na mbung'o huleta nagana. Mtamba wa maziwa asichungwe kando ya misitu hiyo kwa sababu tu majani yamependeza.

Hatari ya pili ni uchimbaji. Maduara yaliyoachwa bila kufukiwa hufunikwa na majani mvua zinapoanza, na mtamba hana habari kwamba mbele yake kuna shimo. Mbaya zaidi ni maji. Penye mialo hutumika zebaki, na penye kuchenjua marudio hutumika sayanaidi. Mvua za kwanza husomba mabaki hayo kwenda mabondeni, na madimbwi ya kwanza kujaa ndiyo mitamba huyakimbilia. Aliyetolewa zizini akiwa amekunywa maji safi hatakimbilia dimbwi. Ndoo moja ya asubuhi ni bima ya bei nafuu.

Hatari ya tatu ni ya soko. Mgodi wa Buzwagi, karibu kabisa na Kahama, ulianza mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021. Wachimbaji wadogo nao huhama kwa uvumi wa siku moja. Mtamba huchukua miaka miwili na nusu au zaidi tangu kuzaliwa hadi kutoa maziwa. Asinunuliwe kwa kutegemea kambi moja ya wachimbaji. Mteja wa uhakika ni mji wenye shule, hospitali na soko.

KALENDA YA MWENYE MITAMBA

Juni na Julai: kusanya mabua na majani ya mpunga, nunua mashudu, na pima uzito wa kila mtamba kwa utepe. Asiyejua uzito hajui faida.

Agosti: fungua sehemu ya ngitili kwa zamu, siyo yote kwa siku moja. Kata majani yaliyosimama, uweke akiba ya wiki sita. Akiba hiyo usiiguse.

Septemba: ungana na wenzako kwa chanjo ya ndigana kali. Chanja pia chambavu kwa ushauri wa afisa mifugo wa kata.

Oktoba: mpe dawa ya minyoo. Anza kuogesha kwa ratiba. Kagua maduara na machipukizi ya mtama katika eneo utakalochungia.

Mvua za kwanza: usifungue. Hapa ndipo ile akiba ya wiki sita inapotumika. Subiri wiki tatu hadi nne, majani yafike angalau urefu wa kiganja kilichosimama.

Kufungua: siku za mwanzo saa moja au mbili tu, umande ukishakauka, mtamba akiwa amekula majani makavu na kunywa maji. Ongeza saa kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ndama walio chini ya miezi sita wabaki zizini. Mitamba watangulie kwenye malisho safi ambayo hayakuliwa na ng'ombe wengine, kisha wakubwa wafuate nyuma. Wakubwa wana kinga, wadogo hawana.

MWELEKEO WA SOKO

Kwa wanaonunua na kuuza, kalenda hiyo hiyo ina funzo. Oktoba ndio mwezi wa mitamba waliokonda, na bei huwa upande wa mnunuzi, kwani wauzaji wanakimbia kiangazi. Mwenye akiba ya majani anaweza kununua wakati huo, mradi aulize chanjo, atazame alama ya sikio, na amtenge mgeni kwa wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wengine. Asiye na akiba akinunua Oktoba amenunua tatizo la mwenzake. Kufikia Februari mtamba yule yule amenawiri, na bei imehamia upande wa muuzaji.

Kwa hiyo katika biashara hii, faida haitegemei mvua peke yake. Mvua humnyeshea kila mtu. Inategemea nani ana majani makavu ghalani siku ile ya kwanza wingu linapopasuka, kwa sababu huyo ndiye pekee anayeweza kuacha zizi limefungwa kwa wiki nne zaidi bila mitamba wake kulala njaa.